Nitenge shilingi ngapi za kulala Dar?

SWALI: Shikamoo mama. Nina duka dogo la nguo za watoto hapa Singida mjini. Wiki ya kwanza ya Julai nampeleka mama yangu Dar. Ana kliniki Taasisi ya Moyo pale Muhimbili Jumanne, na Ijumaa tunarudi kuchukua majibu. Katikati nitapita Kariakoo kufunga mzigo wa duka, pesa ya mzigo ipo pembeni. Kwa safari yenyewe, ukiacha matibabu, nina 650,000 ya watu wawili, Jumatatu mpaka Jumapili. Mume wangu anasema tulale Mbezi karibu na stendi, kuna gesti za 15,000, usingizi ni usingizi. Rafiki yangu anasema nisimtese mgonjwa, nichukue hoteli ya 90,000 mjini. Binamu yangu wa Chanika, ambaye mama hajamwona tangu msiba wa mjomba, anasema gesti za nini wakati nyumba ipo. Nauli ya basi Singida hadi Dodoma tunalipa 15,000 kwa mtu. Je, kuna kiwango cha kitaalamu, kwamba fungu fulani la pesa ya safari liende kwenye malazi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza.

Kiwango hicho watu wanacho midomoni. Utasikia theluthi, utasikia robo. Mimi nimekaa mapokezi ya loji miaka 14, kwanza Magomeni, baadaye katikati ya mji, na sasa kazi yangu ni kupanga safari za wanakwaya, misafara ya harusi na wagonjwa wanaotoka mikoani. Theluthi hiyo sijaitumia hata siku moja. Mfanyabiashara anayeingia Kariakoo asubuhi akaondoka na basi la usiku uleule, malazi yake ni sifuri na hajakosea kitu. Mzee aliyekuja kufanyiwa upasuaji wa macho anaweza kuweka nusu ya pesa yake kwenye kitanda, na akawa ameitumia vizuri. Kinachopanga bei ya kitanda ni shughuli inayokungoja ukiamka. Kwa hiyo kabla hujaniambia una shilingi ngapi, niambie hivi: Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi mama anatakiwa awe wapi, na awe katika hali gani?

Anatakiwa awe Upanga, amekaa kwenye benchi la kliniki, amelala usiku mzima, miguu haijavimba kwa kusimama kwenye gari. Tuanzie hapo, turudi nyuma.

Mumeo hajakosea kuhesabu, ila amehesabu nusu. Kutoka Mbezi ya Luis ilipo stendi ya Magufuli mpaka Muhimbili ni kama kilomita 20. Wewe peke yako ungepanda mwendokasi, ungesimama, ungefika. Lakini mwendokasi ya saa kumi na mbili asubuhi kuelekea mjini naijua, na mgonjwa wa moyo simweki mle. Utatafuta bajaji au gari ndogo. Weka 15,000 kwenda na 15,000 kurudi, na hayo ni makadirio ya kuhurumia. Siku mbili za kliniki, 60,000. Siku zako mbili za Kariakoo, nauli ya kwenda na usafiri wa kurudi na mifuko, weka 20,000 jumla. Gesti usiku nne, 60,000. Jumla ni 140,000.

Sasa chukua chumba cha 45,000 eneo la Kariakoo, Ilala au pembeni mwa Upanga. Usiku nne ni 180,000. Bajaji ya kliniki kutoka hapo ni 3,000 hivi. Safari nne, 12,000. Kariakoo unakwenda kwa miguu. Jumla 192,000.

Angalia vizuri hapo, maana ndipo wasafiri wengi wanapoteleza. Mbele ya kaunta bei mbili zinaonekana zimepishana kwa 30,000 kila usiku, mtu anashtuka anakimbilia ya chini. Ukishaingiza usafiri, tofauti yote ya siku nne ni 52,000. Ni 13,000 kwa usiku. Sikudanganyi, Mbezi bado ni nafuu. Ila sasa unajua unachouziwa na kwa bei gani: kwa 13,000 mama anapata kama saa mbili za ziada za kulala alfajiri, na akibanwa na kifua usiku wa manane mnafika hospitali kwa dakika chache badala ya kuanza kutafuta gari Mbezi. Na wewe unaweza kuacha mzigo chumbani saa sita mchana, ukamtazama mama, ukarudi sokoni. Mweleze mumeo hivyo, kwa hesabu hiyo. Mimi ningeitoa hiyo 13,000 bila kufikiri mara mbili, na nitakwambia kwa nini.

Zamani kidogo nilimleta baba yangu Dar kuondolewa mtoto wa jicho. Nilikuwa bado sijaanza kazi ya mapokezi. Nilimweka gesti ya bei ndogo kabisa niliyoipata, Manzese, chumba cha juu, chini yake baa. Muziki ulizimwa saa tisa usiku. Baba alikaa kitandani ameegemea ukuta, kofia kichwani, hakulalamika. Mimi nililala sakafuni nikajifanya sisikii. Asubuhi wakampima presha. Ilikuwa juu. Wakampumzisha, wakampima tena, bado iko juu. Daktari akasema hawezi kumpeleka chumba cha upasuaji akiwa vile, arudi wiki inayofuata. Nilikuwa nimeokoa shilingi elfu chache, nikalipa usiku saba wa ziada, chakula cha siku saba, na baba akakaa wiki nzima akidhani ugonjwa wake umekuwa mkubwa kumbe ni usingizi. Nikikuambia usiku wa kuamkia kliniki ndio usiku ghali wa safari yako, naongea nikimwona yeye na ile kofia.

Sasa chumba chenyewe. Watu wakitafuta chumba hujiuliza kama kinafaa kulala. Wewe jiulize kama kinafaa kukaa mchana. Jumatano na Alhamisi utakuwa sokoni, mama atashinda mle ndani kuanzia saa tatu mpaka jioni. Kwako chumba ni kitanda. Kwake ni nyumba ya siku mbili. Kiwe na dirisha linalofunguka na lenye wavu, kiti cha kukalia na choo ndani. Na choo kiwe cha kukaa, ulizia kabisa, maana gesti nyingi vyoo ni vya kuchuchumaa na mama mwenye moyo mchovu akichuchumaa kuinuka ni kazi.

La muhimu kuliko yote kwa mgonjwa wako ni ngazi. Majengo ya Kariakoo siku hizi yanakwenda juu, na gesti nyingi ziko juu ya maduka. Mapokezi utaikuta ghorofa ya kwanza au ya pili, pazuri, pana vigae na maua ya plastiki, halafu unapewa ufunguo wa ghorofa ya nne. Chumba cha juu mara nyingi ndicho cha bei ndogo na ndicho chenye upepo, kijana anakifurahia. Mama yako ngazi zile ataziona mara nne kwa siku. Ulizia chumba cha chini. Kama kuna lifti, ulizia umeme ukikatika jenereta inabeba na lifti au taa tu. Ukiambiwa chumba cha chini kimezidi 5,000, lipa.

Kuna kitu kimoja unaweza kukikata bila kumuumiza: kiyoyozi. Ungekuja Januari au Februari ningekuambia usiguse chumba cha feni, joto la Dar miezi ile mgonjwa wa moyo hapumui. Julai ni majira ya baridi ya kwetu, usiku watu wanajifunika. Feni inatosha, na pengine hamtaiwasha. Ukipiga simu utaambiwa "vyumba vipo vya 30, 45 na 60." Uliza tofauti ni nini, usione haya. Mara nyingi cha chini ni choo cha nje, cha kati ni choo ndani na feni, cha juu ni kiyoyozi. Na nikuibie siri ya mapokezi: sehemu nyingi cha feni na cha kiyoyozi ni chumba kilekile, mashine ipo ukutani, ila ukilipa bei ya feni rimoti inabaki kaunta. Kwa hiyo ukiambiwa vya feni vimeisha, sema kwa upole, "Nipe hicho cha kiyoyozi, rimoti kaa nayo, nifanyie bei ya feni." Nimeambiwa maneno hayo mara nyingi nikiwa nyuma ya kaunta, na siku ambayo vyumba vipo wazi nilikubali.

Tazameni pia nyumba za wageni za taasisi za dini, kama Msimbazi Centre ya Wakatoliki pale Ilala. Si lazima uwe muumini wao. Kwa kawaida hazina baa, geti linafungwa mapema, na mzee akikaa nje kwenye kiti hakuna wa kumsumbua. Kwa mgonjwa mimi huanzia huko kabla sijatazama kwingine. Gesti zenye bei ya saa mbili tatu ziepuke, hata zikiwa safi. Milango inagongwa usiku kucha.

Hoteli ya 90,000 nitaipita haraka. Usiku sita ni 540,000, zinabaki 110,000, na nauli peke yake inazidi hapo. Rafiki yako ana moyo mzuri. Hiyo bei ina siku yake, nitaitaja mbele kidogo. Ila ukilinganisha bei za hoteli za namna hiyo na gesti, uliza kama kifungua kinywa cha watu wawili kimo ndani, maana chai na mayai ya watu wawili nje si bure.

Tuje Chanika, na hapa uniwie radhi nikisema wazi. Kulala kwa ndugu hakuna bei kaunta lakini kuna bei. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe unaenda siku sita na mgonjwa. Huwezi kufika mikono mitupu: mchele, sukari, mafuta, mboga ya siku mbili tatu. Halafu Chanika iko mbali, unapita Gongo la Mboto, unapita Pugu, ndipo ufike. Kumtoa mama huko awe Muhimbili saa kumi na mbili na nusu ni kumwamsha saa tisa usiku. Na mgonjwa kwenye nyumba ya watu anajibana. Anaogopa kuamka kwenda chooni mara nne, anakula asichotakiwa kula ili asimvunje moyo mwenyeji, anakaa sebuleni na wageni wakati anataka kulala.

Lakini mama anataka kumwona binamu yako, na hilo nalo ni sehemu ya safari. Kwa hiyo msiende Chanika kwanza, nendeni mwisho. Ijumaa mkishapata majibu, ondokeni mjini saa nane mchana kabla watu hawajatoka makazini, laleni Ijumaa na Jumamosi. Haraka imekwisha, mama anaongea na mtu wake mpaka achoke. Weka 30,000 ya gari la kwenda, 40,000 ya vitu vya nyumbani, na 3,000 ya kurudi: Jumapili asubuhi pandeni daladala ya kwenda mjini, inaanzia kulekule Chanika, siti zipo. Hizo ni 73,000. Usiku mbili zaidi gesti zingekuwa 90,000. Unaona mwenyewe kwamba binamu hakuokolei pesa nyingi. Unakwenda kwa sababu ni ndugu, na ukienda kwa nia hiyo hamtagombana.

Kabla ya kupanga bei ya usiku, punguza usiku wenyewe. Hapo ndipo ninapookolea wateja wangu pesa kubwa. Basi la moja kwa moja kutoka Singida linaweza kukufikisha Mbezi usiku, umechoka, na hapo ndipo gesti ya karibu na stendi inapokukamata. Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma Julai 2024 mambo yamebadilika kwa watu wa kwenu. Jumatatu alfajiri pandeni basi mpaka Dodoma, mama apumzike kidogo, kisha treni, safari ya muda wa kama saa nne hivi, mko Dar. Mnashuka mjini kabisa, kutoka stesheni hadi chumba chenu cha Kariakoo au Ilala ni bajaji ya 5,000. Nauli ya treni ya kawaida Dodoma hadi Dar ni 31,000 kwa mtu. Kateni tiketi mapema na mje na vitambulisho. Mama ananyoosha miguu njia nzima na choo kipo, jambo ambalo anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini analijua uzito wake.

Basi la usiku nalo linapunguza usiku mmoja, tangu yaliporuhusiwa tena mwaka 2023. Kwa wewe peke yako, ukija kufunga mzigo, ni sawa. Kwa mama hapana. Isitoshe, ukishuka alfajiri ukagonga gesti, wengi watakuandikia siku nzima inayoisha saa nne asubuhi, yaani unalipia usiku ambao hukulala. Nimewaandikia watu hivyo, na kila mara nilijisikia vibaya, lakini kitabu kilitaka hivyo.

Basi hesabu yako yote iko hivi. Mabasi ya Singida na Dodoma kwenda na kurudi watu wawili, 60,000. Treni kwenda na kurudi, 124,000. Hapo 184,000, na hii haina mjadala. Chumba usiku nne kwa 45,000, 180,000. Chakula cha mjini na cha njiani, 100,000. Chanika mtakula nyumbani. Usafiri wa Dar, yaani bajaji za kliniki 12,000, ya kutoka stesheni 5,000, gari la Chanika na daladala ya kurudi 33,000, jumla 50,000. Vitu vya binamu 40,000. Tumefika 554,000. Zimebaki 96,000.

Kati ya hizo 90,000 usiziguse. Ni usiku mbili ambazo hujazipanga. Muhimbili unaweza kuambiwa kipimo fulani kimechelewa, au daktari anataka kimoja zaidi, "njooni Jumatatu." Na kwa wiki yako hiyo, Jumatatu ikiteleza kidogo mnagonga tarehe 7 Julai, Sabasaba, sikukuu ya taifa, kliniki za kawaida hazifanyi kazi. Pesa hiyo iweke kwenye laini nyingine ya simu, siyo ile unayolipia Kariakoo, maana ukiwa mbele ya jezi za watoto za bei nzuri utaikopa ukisema utairudisha. Wewe ni mfanyabiashara, unajijua.

Kwa hiyo ukitaka jina la fungu: malazi yako ni 180,000, chini ya theluthi ya pesa yako, na akiba yake ikihesabiwa ni 270,000, kama mbili ya tano. Msomaji mwingine asichukue namba hizo. Ni za mama yako na za wiki hiyo.

Akiba hiyo ndiyo pia inayobeba ile siku ya hoteli niliyosema nitaitaja. Ikitokea Jumanne au Ijumaa mama amefanyiwa jambo la kumchosha na ameruhusiwa siku ileile, usiku huo mmoja mpeleke kwenye chumba cha 80,000 au 90,000, chenye lifti, maji ya moto na chakula kinacholetwa mlangoni. Kesho yake rudini kwenye cha 45,000. Hakuna sheria inayosema usiku zote za safari ziwe za bei moja, na ninashangaa jinsi watu wanavyojifunga na chumba kimoja kama wameoa.

Na lipo la upande wa pili, tumwombe Mungu lisitokee: alazwe. Hapo unabaki wewe peke yako, na mahitaji yamebadilika kabisa. Utakuwa unapeleka chakula asubuhi, mchana na jioni, kwa hiyo ukaribu unazidi kuwa muhimu, lakini choo ndani na kiti na dirisha zuri havina kazi tena. Hamia chumba cha 20,000 au 25,000 hapohapo karibu, hata choo cha nje. Ndiyo sababu nakusihi usilipe usiku nne kwa mpigo. Lipa wa kwanza. Jumanne mkitoka kliniki lipa wa pili, na ukiona mmekaa vizuri lipa zilizobaki na uombe punguzo. Sema, "Nina mgonjwa, nabaki mpaka Ijumaa, nifanyie." Mtu wa mapokezi mwenye wageni wa siku moja moja humpenda mgeni wa siku nne, hana mashuka ya kubadilisha kila asubuhi.

Kuhusu Sabasaba yenyewe. Maonyesho ya biashara pale barabara ya Kilwa huanza 28 Juni na kuendelea mpaka karibu katikati ya Julai, na wafanyabiashara wa mikoani hujaa mjini. Bei ya 40,000 uliyosikia Mei inaweza kuwa 50,000 ukifika. Kwa hiyo shika chumba wiki mbili kabla. Piga simu mchana, siku ya kazi, saa nane hivi, wageni wa asubuhi wameshatoka na wa jioni hawajaingia, ndipo mtu wa kaunta ana muda wa kukusikiliza. Omba akupigie picha ya chumba chenyewe cha chini, siyo ile iliyo mtandaoni. Akitaka arubuni mtumie ya usiku mmoja tu, na kabla hujathibitisha soma jina linalotokea kwenye simu; likiwa halifanani na lile alilokutajia, simama hapo.

Ukifika, mwache mama akae mapokezi na mabegi, wewe nenda kakione chumba kabla hujaandika jina kitabuni. Fungua bomba uhesabu mpaka kumi uone maji yanaendelea au yanakatika. Washa feni mpaka mwisho, nyingine zinapiga kelele kama mashine ya kusaga. Inua shuka upande wa miguuni uangalie mishono ya godoro, kunguni hukaa hapo. Funga mlango kwa ndani. Kisha nyamaza kidogo usikilize: jenereta iko upande gani, kuna baa, kuna gereji? Nimewaona watu wengi wakikagua televisheni kwa dakika tano na bomba hawaligusi.

Mzigo wa duka usilale nao. Ukishafunga, upeleke siku hiyohiyo kwa wasafirishaji wa Kariakoo wanaobeba mizigo ya Singida, chukua risiti, chumba kibaki chumba. Pesa ya mzigo nayo ibaki kwenye simu, utoe kwa wakala au ulipe kwa lipa namba dukani. Chini ya godoro si mahali pa pesa. Nilikuwa mapokezi, najua nani wote wana funguo.

Na Jumatano asubuhi kabla hujatoka kwenda sokoni, chukua karatasi, uandike kwa herufi kubwa jina la gesti, mtaa, namba ya chumba, namba yako na ya kaunta, na jina la hospitali. Moja mkunjie mama kwenye pindo la khanga yake, nyingine mpe dada wa mapokezi, umwambie, "Huyu ni mama yangu, ana moyo, nimeenda Kariakoo, akikosa hewa anza kuita bajaji, mimi utanipigia baadaye." Mwachie na 5,000 ya hiyo bajaji.